Kokoto Alizobeba Mastura

Msimamizi wa mfereji pale Kichangani, upande wetu huu wa Horohoro, alikuwa Mselem, mtu wa kujipaka manukato hata akienda kukagua matope. Masika ya mwaka ule wa hamsini na nne mto Umba ulifurika ukang'oa banio, lile tuta la mawe linalokinga mto na kuingiza maji mferejini. Serikali ikasema itatoa simiti, nondo na mwashi. Yaliyobaki ni juu ya wenye majaruba ya mpunga. Mwenye fedha atoe fedha, asiye nazo atoe mikono yake. Na jaruba lisilochangiwa atapewa mwingine atakayelichangia. Watu waliitikia kwa kelele, kwani kila mmoja aliamini atakayenyang'anywa ni jirani.

Kombo, mdogo wake Mselem, hakuwa na fedha, akatoa mikono. Hata kazi haijapamba moto, jiwe likaporomoka likamponda kifua. Alifia palepale mtoni.

Mkewe, Mastura, akaingia eda. Eda ya kwetu mnaijua: miezi minne na siku kumi mjane yumo ndani, hajipaki mafuta mazuri, hajitazami kiooni, akisema na mwanamume ni nyuma ya mlango. Matanga hayajaanuliwa sawasawa, huyo Mselem anabisha hodi.

"Shikamoo shemeji," Mastura akasema kutoka ndani.

"Marahaba. Shemeji, mchango wa jaruba lenu haujatimia."

"Kombo amekufa kwenye huo mchango. Mnataka atoe nini tena?"

"Alitoa kazi ya siku chache tu. Maiti hachimbi." Alitamka hivyo, wallahi, juu ya ndugu yake wa tumbo moja. "Fedha unazo?"

"Sina."

"Basi njoo mwenyewe, au jaruba liende."

Jaruba lile ndilo pekee alilokuwa nalo Mastura duniani. Watoto hakujaaliwa, wazazi walishatangulia. Likienda, atakula nini? Akatuma aitwe Mwalimu Mwinyihaji wa madrasa, naye akaja akakaa barazani, uso ameuelekeza njiani.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "mjane aliyebanwa na riziki anaruhusiwa kutoka mchana, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nenda kafanye kazi. Kama kuna dhambi, naibeba mimi."

Mastura akatoka. Wanawake walimpisha njiani kama mgonjwa wa ndui. Akabeba karai la kokoto kichwani, kutoka ukingoni mpaka kwa Fanueli, mwashi wa Kishambaa aliyeletwa kutoka Lushoto. Kokoto zikamwagwa mahali palepale alipofia mumewe. Fanueli alimwona anavyojikaza asilie, akamwambia, "Pole mama, pumzika kidogo." Hakupumzika. Alibeba mpaka utosi ukanyonyoka nywele, na jioni akirudi huchota maji mtoni kwa ndoo, anamwagilia kitalu cha mpunga alichokiotesha pembeni ya jaruba. Mselem alipita, akaona, akatabasamu, akaenda zake. Tabasamu lile mwenye nafasi angelitilia shaka, lakini Mastura alikuwa hoi.

Banio lilipokamilika, Mselem akaitisha baraza.

"Mastura amekata eda, katoka ndani kabla ya siku zake," akasema. "Sote tumemwona kwa macho yetu. Kazi ya mwanamke aliyekata eda ni najisi, haiwezi kuhesabiwa kwenye mchango. Jaruba la Kombo nimelitolea fedha mimi."

"Wewe si ndiye uliyenitoa ndani?" Mastura akapiga kelele, amejifunika mpaka machoni. "Na ruhusa nilipewa! Mwalimu, waambie!"

Jaruba la Mwalimu lilikuwa mkiani kabisa mwa mfereji, ambako maji hufika msimamizi akipenda. Mwalimu akazitazama tasbihi zake.

"Mimi nilimweleza habari za eda kwa jumla tu," akasema. "Kutoka, alitoka kwa hiari yake."

Loo! Mzee mzima, na kofia yake ya viua kichwani!

Fanueli akainuka. "Jamani, mama huyu kabeba kokoto kuliko wanaume wenu."

"Wewe mwashi, tena Mkristo. Eda unaijulia wapi? Hebu kaa," Mselem akamwambia. Fanueli akakaa, kwani pale alikuwa mgeni peke yake.

Mastura akasema, na safari hii hakupiga kelele: "Kama kazi yangu ni najisi, libomoeni banio. Toeni kila kokoto niliyobeba. Mtakulaje mpunga wa maji yanayopita juu ya najisi?"

Kisha mmoja akacheka, wakafuatia wote, kwa kuwa neno lile liliwachoma. Mselem ndiye aliyecheka zaidi.

Siku ya ufunguzi Bwana Shauri, afisa wa wilaya, alikuja na gari kutoka Tanga, akapigiwa ngoma, akaambiwa kwamba kila jaruba limechanga. Maji yakaachiwa. Kule mkiani kwa Mwalimu yalifika mapema, kabla ya adhuhuri.

Mastura alikwenda jarubani kwake. Akamkuta Mwanamkasi, mke wa Mselem, amekunja kanga magotini, anang'oa miche kutoka kwenye kitalu na kuipandikiza. Miche ile ya maji ya ndoo! Mastura akaingia majini, akasimama tu. Akautazama mstari aliopanda Mwanamkasi, umepinda, miche imesongamana. Mikono ikamshinda kuizuia. Akainama, akachukua mche, akaupandikiza vizuri, kisha mwingine.

Mwanamkasi akamwacha. Akapanda juu ya tuta, akanawa miguu, akakaa akimtazama anavyopanda, mpaka kitalu kikaisha na jaruba zima likawa kijani.

"Ahsante, Mastura," akasema. "Sasa toka, unanikanyagia mpunga wangu."