Milioni Moja na Moja

Mwalimu Baki hakupewa jina hilo na mamake. Alipewa na wanafunzi, maana hata watu wakigawana karanga yeye aliuliza, "Baki ngapi?" Kiharusi kilipomwangusha mbele ya ubao kilimvuta mdomo upande, lakini ubishi hakikuugusa.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia bintiye asubuhi moja, amekaa kitandani na shati la kazi. "Jumatatu narudi darasani."

"Baba, daktari kasema..."

"Daktari anajua hesabu? Nipe namba, tena kubwa. Niichambue. Nikikosea, nakaa nyumbani, sikusumbui tena."

Binti, fundi cherehani, hakuutaka mtihani huo. Ila nyumba ile ilikuwa na sheria yake: neno la baba lilibishwa kwa namba tu, na anayejibu hasaidiwi. Akamtajia milioni moja na moja, namba ambayo mzee aliipenda kuliko wajukuu zake.

Mzee akafumba macho. "Witiri. Inasomeka vilevile mbele na nyuma. Elfu mara elfu, ongeza moja."

Moyo wa binti ukaruka kwa furaha. Huyu alikuwa baba yake, mzima kabisa!

Likabaki swali kubwa: ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, au inagawanyika? Mzee akaanza kuijaribu kwa namba tasa ndogo, moja baada ya nyingine. "Tatu, baki mbili. Tano, baki moja. Saba, baki mbili." Akapanda hivyo polepole, jasho likimtoka, mpaka tisini na saba. "Baki ishirini na nane."

Hapo akakwama. Iliyofuata ilikuwa mia moja na moja, na hiyo inaigawa bila baki lolote. Hatua moja tu, jamani! Binti aliuma mdomo asimtajie.

"Tatu," mzee akasema, "baki mbili."

Alikuwa ameanza upya, wala hakujua. Akapanda tena, akakwama palepale. Kisha akafumbua macho, uso umejaa ushindi. "Ni tasa. Nipigie pasi suruali."

Ingekuwa rahisi kwa binti kuitikia tu. Lakini darasani watoto wangeyameza maneno yake jinsi yeye alivyoyameza utotoni. Machozi yakamtangulia.

"Mia moja na moja, baba."

"Mara elfu tisa mia tisa na moja," alidakia papo hapo. Halafu akaelewa alichosema. Akalitazama shuka.

"Baada ya hiyo inafuata ipi?" mzee aliuliza.

"Mia moja na tatu."

"Halafu?"

"Mia moja na saba."

Zamani, akimuuliza hivyo, alikuwa anampima. Leo alitaka kujua.