Nukta ya Themanini na Nane

Nukta za baba yangu zote zilikuwa majini. Mia mbili na kumi na nne, nyekundu, zimejipanga ndani ya ziwa kwenye skrini yangu, na nyuma ya kiti changu watu wazima watatu walikuwa wanacheka hadi mmoja akashika mbavu.

"Kumbe mzee alikuwa mvuvi!" alisema mchoraji wa ramani wa meza ya jirani. "Na sisi tukidhani anatafuta shaba."

Nilicheka nao. Mtu akitaniwa akanuna, utani huongezeka maradufu. Lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Leo mimi ndiye mkuu wa chumba kile cha ramani, na vijana wakija kulalamika kwamba data imekataa kukaa mahali pake, huwaambia wavute kiti. Wakati ule nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Tulikuwa tunaingiza kumbukumbu zote za zamani za madini kwenye programu ya ramani, ili mtu akibonyeza mlima wowote aone nani alipima nini pale, na lini. Zisizoaminika zilifutwa. Kikao cha kufuta kilikuwa Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano, na juu kabisa ya orodha ya mkurugenzi ilikuwa kazi ya baba: miaka mitatu ya kutembea kwenye ukingo wa milima kando ya ziwa, na nyundo mkononi na mawe mgongoni.

Wenzake walimwita Mzee Nyundo. Nilipokuwa na miaka saba alinipa ncha ya kamba nimshikie tupime ua wa kuku, nami nikasogea kidogo kukwepa jua. Hakunigombeza. Alirudi mwanzo akapima upya pande zote nne, kuku wenyewe wakimtazama. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka shaba ziwani. Kwa hiyo sikujiuliza kama baba alikosea. Nilijiuliza ni nani aliyemsoma vibaya.

Alhamisi asubuhi niliomba ufunguo wa stoo. Daftari lake lilikuwa chini ya mafaili ya watu wawili waliokwisha kufariki, na ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake wa kulala upande, alikuwa ameandika jina la ramani aliyotumia. Ilikuwa ramani ya zamani. Ramani za enzi zile na za sasa hazianzii kuhesabu mahali pamoja. Ni kama mafundi wawili wanaopima kitambaa kimoja, mmoja akianzia ukingoni, mwingine akianzia baada ya pindo. Aliyeingiza namba za baba kwenye kompyuta hakufungua ukurasa ule. Aliiambia programu kwamba ni vipimo vya siku hizi, nayo programu, kwa utiifu wake, ikazitupa mita mia tatu pembeni.

Nilibadilisha mstari mmoja kwenye dirisha dogo, nikabonyeza. Nukta zikaruka kutoka majini zikapanda milimani, zikatulia juu ya mwamba. Nilipiga meza kwa kiganja.

"Haya, yaishe," alisema yule mchoraji wa ramani, akiinama kuangalia. "Mvuvi karudi nchi kavu."

Alipoondoka ndipo nikaiona moja iliyobaki. Namba themanini na nane. Ziwa pale limejipenyeza ndani ya mlima kwa hori jembamba, na nukta ilikuwa katikati yake, peke yake.

Nikaweka mshale wa kipanya juu yake. Ningeivuta upana wa ukucha tu, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Nakiri kwamba nilitaka sana. Kikao kilikuwa kesho, na kosa moja lingewatosha waliotaka kucheka tena. Niliondoa mkono kwenye kipanya nikaukalia, kweli nikaukalia, kisha nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani kwa wazazi.

Baba alikuwa barazani anashona kandambili. Nilimwonyesha daftari, namba themanini na nane. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeisogeza?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini, mama? Ndiyo au hapana?"

"Hapana, baba."

Alichoma sindano kwenye soli akaiacha hapo. "Siku hiyo sikutoka hemani."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Ningekuwa naumwa ningeandika naumwa. Nilikuwa mvivu. Mvua inanyesha, miguu imechoka, nikachukua namba ya jana nikaongeza mita hamsini. Kesho yake nikafika pale nikakuta maji." Alitazama uani. "Nikaona aibu kuifuta."

Miaka yote nilimjua kama mtu asiye na siku kama hiyo. Niliumia, kisha nikamwonea huruma, kisha nikampenda zaidi kuliko nilivyompenda asubuhi ile nikienda stoo. Yeye alikuwa ameshaomba kalamu.

Ijumaa, kazi ya baba ilipotajwa, nilieleza habari ya ramani ya zamani. Kisha nikampa mkurugenzi karatasi. Aliisoma kwa sauti: "Nukta ya themanini na nane ni ya uongo. Niliibuni mimi mwenyewe. Ifutwe." Chini yake palikuwa na sahihi.

Mkurugenzi akaigeuza karatasi, kama vile nyuma kuna zaidi. Halafu akawageukia wapimaji wakongwe waliokuwa upande wa dirisha.

"Na ninyi," aliuliza, "katika zenu, za kubuni ni zipi?"

Mmoja alipata kikohozi. Mwingine akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Basi," alisema mkurugenzi, "tutaanza na za huyu. Zake zibaki."

Nilikwenda moja kwa moja kumwambia. Nilimkuta mlangoni, amevaa shati la kutokea, ingawa hakuwa na safari.

"Wameziacha," nilisema. "Zote, baba. Mia mbili na kumi na tatu."

Alitikisa kichwa polepole. Nilidhani atatabasamu.

"Zilitakiwa ziwe mia mbili na kumi na nne," alisema.