Nguzo za Rahabu

Jumanne asubuhi Rahabu alikuwa ameinama mferejini, akisugua karoti ili ziwahi gari la Korogwe, kivuli kilipomfunika. Akainua kichwa. Nguzo ya jiwe la mchanga, ndefu kuliko mkaratusi, ilikuwa imesimama kwenye matuta yake ya kabichi. Aliijua. Kwa miaka thelathini aliegemeza kuni ubavuni mwa nguzo hiyo, kule ng'ambo ya Lushoto, mpaka eneo lilipotangazwa hifadhi na kaya zote zikaondolewa, wageni waone mawe bila moshi wa majiko.

Akamalizia karoti zake.

Mwanamisi, jirani yake, alipanda kijia akiwa na jembe begani.

"Hii ni ya kwenu?"

"Ya kwetu."

"Basi iambie isogee, dada. Inaziba jua la maharage yangu."

Rahabu akaiambia. Ikasogea hatua tatu.

Kufikia Jumapili zilikuwa saba. Watu wa Bungu, kijiji alikohamia Rahabu, walipotoka kanisani walizizunguka kama wanavyozunguka ng'ombe waliolala njiani, wakaenda zao. Aliyekosa utulivu ni Rahabu. Alikaa, akainuka. Alibandika chai, akaisahau mpaka ikakauka. Kila pikipiki iliponguruma mteremkoni alikwenda mlangoni.

Pikipiki ya Alhamisi ilimleta Kristofa, ofisa yuleyule aliyemhamisha mara ya kwanza. Alishika kopo la rangi nyekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umezifuata?"

"Ndiyo utaratibu, mama. Penye nguzo ni hifadhi. Mna siku kumi na nne za kuhama."

"Kule tulikotoka sasa haijabaki hata moja. Si nirudi?"

Kristofa alitikisa kichwa kwa upole. "Kule nako bado ni hifadhi. Ramani haijabadilika."

Akachora X mlangoni kwa Rahabu, kisha akavuka mfereji akachora nyingine kwa Mwanamisi.

Siku ya kumi na tatu Rahabu alifunga godoro na sufuria. Mwanamisi alikuwa shambani, anang'oa maharage ambayo hayajakomaa. Hakuinua uso.

"Unaelekea wapi?"

"Muheza, kwa mdogo wangu."

"Haya. Basi sisi tutakwenda upande mwingine."

Rahabu alikaza kamba ya godoro. Akajitwisha mzigo, akateremka. Nyuma yake changarawe zilianza kusagika taratibu. Hakugeuka mpaka kona ya tatu. Hapo akasimama, mzigo kichwani, akasubiri, maana nguzo ile fupi kuliko zote ilikuwa haijafika.