Chupa Iliyoganda Sandukuni mwa Tunu

Shule yetu ina sheria nyingi, na kila moja ina sababu yake, isipokuwa ile ya mafuta. Mwanafunzi haruhusiwi kujipaka mafuta ya aina yoyote mwilini. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa mafuta huchafua mashuka. Ukisema utajipaka asubuhi ukishatandika kitanda, utaambiwa mafuta hunasa vumbi. Ukisema vumbi utaliosha jioni, utaambiwa unajibu sana. Mie nimeambiwa hivyo mara nyingi mno, hata nikadhani hiyo ndiyo sababu rasmi.

Aliyeitunga sheria ni mwalimu mkuu, Miss Watkins, mwanamke mrefu mwenye Kiswahili safi cha kitabuni na imani kubwa juu ya sabuni. Sabuni yenyewe ni ya mche, ile ile ya kufulia. Maji ni ya kisima cha hapa hapa Temeke, yana chumvi hata mpishi akisahau kutia chumvi kwenye maharage hakuna anayegundua. Changanya sabuni hiyo na maji hayo, ongeza upepo wa kusi wa mwezi wa saba, kisha uwavalishe wasichana sketi za michezo zinazoishia magotini. Asubuhi tulipopanga mstari mbele ya ofisi, bweni zima lilikuwa na rangi moja, rangi ya majivu. Mgeni angedhani tumefukuliwa.

Haki isemwe: Miss Watkins hakuwa adui wa mafuta yote. Jumamosi baada ya chakula cha mchana alitoa kiti chake cha turubai nyuma ya nyumba, akavaa kofia ya ukili, akaota jua. Tulimwona kupitia ua wa minyaa, maana minyaa ina matundu, na matundu huongezeka yakipata mtu wa kuyasaidia. Alijipaka mafuta ya kopo lililokuja kwa meli, mguu huu kisha ule, kwa uangalifu mkubwa, akalala mpaka akaiva, akajigeuza upande wa pili. Sina ubaya naye. Ngozi ni yake na jua ni la Mungu. Nilichotaka kujua ni kwa nini mafuta yaliyopanda meli hayanasi vumbi.

Shoga yangu Tunu, ambaye kitanda chake kinapakana na changu, amezaliwa na ngozi kavu. Mwaka huu ngozi ya miguu yake ilipasuka mpaka ikatoka damu, soksi zikawa zinagandamana na vidonda. Miss Watkins aliiona siku ya ukaguzi, akamwagiza asugue zaidi kwa sabuni. Tunu akasema "Ndiyo, Miss," akasugua, akalia.

Tunu hapendi kuvunja sheria, na ana sababu nzuri kuliko zangu. Tuko darasa la nane, la mwisho hapa shuleni. Akifaulu mtihani anataka kwenda chuo cha ualimu. Lakini baba yake mdogo, Bwana Mwinshehe, hakutaka hata afike hapa. Amekwisha kumtafutia mume, mwenye duka kule Mtoni, tayari ana wake wawili, na kinachosubiriwa ni Tunu arudishwe nyumbani kwa kosa lolote. Siku hiyo hiyo ataposwa.

"Nikifukuzwa, Mwanaheri, yule mwenye duka utaolewa naye wewe?" aliniuliza nilipomweleza shauri langu.

"Mie nitakuja kula pilau."

"Toka hapa!"

"Shoga, utaingiaje kwenye mtihani ukiwa unajikuna? Utaandika kwa mkono upi?"

Alikuwa anajikuna kwa yote miwili.

Jumapili ya wazazi bibi yake alikuja na kikapu cha nazi. Akamtazama mjukuu wake miguuni, akasema, "Hee! Wamekukaanga bila mafuta?" Akatuachia nazi zote, pamoja na maagizo. Tuchukue zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa zinalia. Tusikoleze moto. Na yakishaiva, tusijipake kivulini. Mtu akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, ajipake, kisha akae juani anyooshe miguu mpaka ngozi iyanywe. Ngozi kavu, alisema bibi, ukiipaka mafuta ikiwa kavu vile vile, unaing'arisha tu kama meza.

Jumamosi nilikwenda jikoni.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba. Mnataka nini? Nyie hamniamkii bure."

"Tunaomba kuazima mbuzi ya kukunia na kifumbu."

"Vya nini?"

"Vya somo."

"Somo gani Jumamosi?"

"Jiografia."

Mzee Kondo akavitoa. "Chicha mniletee. Kuku wangu nao wanasoma jiografia."

Tulifanyia kazi kwenye banda la kufulia, kwa kuwa pale moto huwaka siku nzima wa kuchemshia mashuka na hakuna anayeuliza moshi unatoka wapi. Mie nilikuna, Tunu akakamua. Tui tulilichuja kwa kifumbu, tukaliacha litulie mpaka zito likapanda juu. Hapo ndipo alipopita matroni wetu, Mama Benedicta. Kwao ni milimani, mbali na pwani, na alikuja Dar es Salaam mwezi wa kwanza mwaka huu. Alichungulia sufuria.

"Kanji hiyo? Mbona nyingi?"

"Kola zimelegea, Matroni," nikasema.

"Vizuri. Usafi ni heshima." Akaenda zake ameridhika.

Tuliengua lile zito, tukaliteleka kwenye makaa machache. Kupika mafuta ya nazi ni kazi ya subira, na mie subira sina, kwa hiyo mwiko alishika Tunu. Kwanza linachemka kama uji wenye hasira. Baadaye maji yanakauka, linaanza kulia kwa sauti ndogo, mashapo yanazama yakiwa rangi ya kahawia, na juu yake mafuta yanasimama meupe kama maji ya mvua. Hapo unaepua upesi, maana ukingoja kidogo yanaungua, na utanuka sufuria mwezi mzima. Tuliyachuja kwa kitambaa, na kabla hayajapoa tukatumbukiza maua ya mlangilangi ulioko kando ya ofisi. Kibali cha maua hatukuomba. Chupa ya sharbati ikajaa hadi shingoni.

Tukaoga, tukajipaka, tukakaa nyuma ya banda tumenyoosha miguu juani kama mabibi waliostaafu. Tunu akafumba macho. "Inakunywa," akasema. "Mwanaheri, naisikia inakunywa."

Tulifanya hivyo kila alasiri. Vidonda vikafunga, na soksi zikawa zinavuliwa bila kilio. Wenzetu wa bweni walikuja mmoja mmoja kuomba tone, nasi hatukuwa wachoyo. Ila Tunu hakumruhusu mtu ajipake asubuhi, ili tukifika kwenye mstari tuwe na rangi yetu ya majivu kama kawaida.

Kisha ikaja asubuhi moja yenye baridi, upepo ulikuwa umevuma usiku kucha, na Mama Benedicta akakagua masanduku. Kumbe ghalani, mafuta magumu ya kopo, yale meupe ya kukaangia maandazi ya wageni, yalikuwa yanapungua. Nani aliyekuwa anayapunguza hatujui, na mie sina haraka ya kujua. Alipofungua sanduku la Tunu alitoa ile chupa, akaipindua chini juu. Hakikutoka kitu. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kimeshikamana kama nta.

"Mwizi!" akasema. "Mafuta ya ghala haya!"

"Ni ya nazi, Matroni," nikasema.

"Mafuta ya nazi ni maji, mwanangu. Nayaona sokoni tangu nije. Yanamiminwa. Haya yanamiminwa?"

"Yameganda kwa baridi."

"Mafuta ya nazi yagande, na mie nisijue? Unaniona mtoto?"

Mtu yeyote wa pwani anajua kwamba mwezi wa saba chupa ya mafuta ya nazi hulala ikiwa maji na kuamka ikiwa jiwe. Lakini Mama Benedicta aliyakuta wakati wa joto, na Miss Watkins hakuwahi kuyagusa. Miss akaitwa. Akaitazama chupa, akainusa.

"Yananukia maua," akasema.

"Ameyatia manukato kuficha, Miss," alisema Mama Benedicta kwa huzuni ya kweli, maana yeye si mtu mbaya.

"Tunu, jua likipanda utafungasha vitu vyako. Mwizi hawezi kuwa mwalimu," akasema Miss Watkins.

Nilimtazama Tunu nikaona tayari yuko kwenye duka la Mtoni, anapima sukari.

Tukapigiwa kengele ya mstari. Shule nzima ilisimama mbele ya ofisi, na Miss Watkins akapanda ngazi ameshika chupa ili wote tuone uovu ulivyo. Kabla hajaanza, nikatoka mstarini. Mtu wa adabu huomba ruhusa. Mie niliomba nilipokuwa nimekwisha kufika.

"Miss, naomba lile kopo la ghalani liletwe. Yawekwe yote mawili juani, hapo kwenye ngazi. Kama ni ndugu watafanana tabia."

"Mwanaheri, unajibu sana."

"Hujaniuliza kitu bado, Miss. Lakini ukimfukuza mtu kwa wizi, wizi uonekane."

Wenzangu wakaguna kwa kukubali, guno refu la shule nzima, ambalo halina mwenyewe na haliwezi kuadhibiwa. Miss Watkins ni mtu anayejivunia haki. Akaagiza. Mzee Kondo akaja na kopo, akachota kipande cha mafuta magumu akakiweka kwenye kisosi, akakitua kando ya chupa. Uso wake haukuonyesha chochote, kama mtu ambaye kuku wake hawajawahi kusikia habari za nazi.

Tukasubiri. Jua la asubuhi lilikuwa limekwisha kuvuka mapaa. Miss Watkins aliendelea na matangazo: vyoo, madaftari, mdundo mbaya wa wimbo. Hakuna aliyesikiliza. Macho yalikuwa kwenye ngazi. Kwanza ukingo wa chupa ulilainika. Kisha lile jiwe jeupe likaachana na kioo, likaelea, likawa dogo kama sabuni iliyobaki, mwisho likatoweka. Mafuta yakasimama angavu, na petali za mlangilangi zikizunguka ndani polepole. Kwenye kisosi, mafuta ya kopo yalikuwa yamekaa vile vile, magumu na meupe, hayana habari.

Mama Benedicta akashuka ngazi, akachukua chupa, akatia tone kwenye kiganja, akasugua, akanusa. "Ni nazi kweli," akasema. Akamgeukia Tunu, akasema mbele ya watu wote, "Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa ninajiandaa kuinama kama mshindi wa mashindano, ndipo Miss Watkins aliposema, taratibu kabisa:

"Vizuri. Si mafuta ya ghala. Basi ni mafuta ya mwili, na sheria mnaijua. Kosa ni jingine, adhabu ni ile ile. Tunu atakwenda."

Hapo nikaona nilichokifanya. Nilikuwa nimemtoa shoga yangu kwenye shimo moja na kumtumbukiza kwenye la pili kwa mikono yangu mwenyewe, tena mbele ya mashahidi.

Sikuwa na hotuba. Nilikuwa na hasira tu, na chupa ilikuwa mkononi mwa Mama Benedicta, karibu nami. Nikanyoosha mkono, naye, sijui kwa nini, akanipa. Nikakaa chini kwenye changarawe, nikavua viatu na soksi. Nikamimina kiganjani. Nikajipaka mguu wa kulia kuanzia gotini hadi kisigino, kisha wa kushoto, kwa uangalifu ule niliojifunza kupitia tundu la minyaa, nikainyoosha miguu yangu juani.

"Simama!" akasema Miss Watkins.

"Bado inakunywa, Miss."

Shehnaz, mwanafunzi wa kutwa, binti wa mwenye kinu cha mchele, alikuwa mwisho wa mstari wa mbele. Miguu yake haikuwa na ukavu hata kidogo, maana mama yake humpaka nyumbani. Akaja akakaa kando yangu, akavua soksi, akakinga kiganja. "Nipe, dada." Nyuma yake akaja mwingine. Kisha mstari ukavunjika. Watu walikaa chini kwa makundi, chupa ikapita mkono hadi mkono, wa darasa la tano wakiulizana kwa sauti mafuta yanaanzia gotini au pajani. Harufu ya nazi ikapanda ngazi mpaka mlangoni mwa ofisi. Hakuna aliyepiga kelele. Tuliota jua tu, shule nzima, miguu imeelekezwa kwa mwalimu mkuu.

"Kila aliyejipaka," alisema Miss Watkins, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, "atakwenda nyumbani leo."

Tukaanza kuvaa viatu ili twende. Si mzaha, tulikuwa tunafunga kamba. Miss Watkins akatutazama mmoja mmoja, nadhani akiwaza atakavyowaandikia wakubwa wake mjini kwamba shule imebaki na yeye, matroni na mpishi.

Chupa ilimfikia Tunu mwisho. Alikuwa bado amesimama, peke yake, na kama angeipitisha bila kuigusa labda angesamehewa yeye na tukafukuzwa sisi. Nilitaka kumwambia asiiguse. Lakini alikuwa amekwisha kuifungua, akaipindua juu ya kiganja, akaipigapiga kitako. Ikatoka petali moja na tone. Akajipaka tone lile kwenye kovu la mguu, bila haraka, kisha akanyanyua uso.

"Miss, yamekwisha," akasema. "Jumamosi tutapika mengine."

Mama Benedicta alikuwa bado anasugua viganja vyake.

"Ingieni darasani," alisema Miss Watkins hatimaye. Akaingia ofisini, akafunga mlango.

Tukaingia. Somo la kwanza lilikuwa hesabu, na Tunu alikaa dawati la mbele.