Lori la Papa Mireille na Mtihani wa Moshi

Mimi lile lori sikulipenda tangu siku ya kwanza, na sikumficha mtu. Mume wangu Cyriaque alilileta nyumbani Sparkbrook miaka kumi na nne iliyopita, likiwa limeshazeeka, linakohoa, mlango mmoja wa bluu na mwingine sijui rangi gani. Nikamuuliza, "Papa Mireille, umelinunua, au wamekulipa uliondoe?" Akacheka. Mwanaume yule ukimtukana anacheka, ndiyo maana presha yangu haishuki.

Basi kwa lori hilo amehamisha nusu ya Wakongomani wa Birmingham, hapa Uingereza: vitanda, friji, makochi ya watu waliogombana na wenye nyumba. Na kila asubuhi, kabla ya kazi, alimpeleka nalo binti yetu Mireille shuleni. Mtoto akishuka pale getini anagonga mlango mara mbili, ko-ko, ndiyo ruhusa ya baba yake kuondoka. Sasa Mireille ni nesi, na Jumamosi alikuwa anaolewa na kuhamia mtaa wa Harborne. Tulipomuuliza anataka gari gani la kumpeleka kanisani, akajibu kwa Kiingereza chake cha hapa, maana Kiswahili anakisikia lakini hakisemi: lori la Papa, ama sivyo anakwenda kwa miguu.

Jamani! Francine, kiongozi wa kina mama kanisani, alikuwa ameshakubali kutuazima Mercedes ya mumewe, nyeupe, viti vya ngozi! Nikawaambia kina mama wote baada ya mazoezi ya kwaya: "Mimi ndani ya lori lile? Siku mkiniona nimepanda, ninyoeni nywele." Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Shida ni kwamba cheti cha lori kilikuwa kinaisha Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Nchi hii gari kuukuu lazima lipimwe kila mwaka, na letu kila mwaka linasumbuliwa na moshi. Bila cheti, haliruhusiwi barabarani. Alhamisi Cyriaque akalipeleka Saltley kwa Narendra, Mhindi wa Kisumu mwenye gereji, fundi wake tangu zamani. Narendra akabadilisha filta, akamwaga oili chafu, akalijaribu kwenye mashine yake, moshi safi kabisa. "Kesho lete tupime rasmi," akasema. "Hii imepita tayari, labda uende uiharibu mwenyewe." Mume wangu alirudi nyumbani anaimba.

Ijumaa saa nne asubuhi na mimi nikaenda, yeye kwa lori, mimi kwa basi. Msiniulize nilifuata nini. Nilienda tu.

Narendra akachomeka kipimo kwenye bomba la moshi, akapanda, akakanyaga mafuta.

Mungu wangu wee! Likatoka wingu jeupe, zito, likajaza gereji, likatoka nje, likavuka barabara. Cyriaque alikuwa amesimama karibu yangu na sikumwona, nilimsikia tu akiita, "Yesu! Yesu!" Jirani anayeuza matairi akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Na harufu sasa! Haikuwa ya dizeli. Ilikuwa ya jikoni, kama makemba, zile ndizi zetu, yanakaangwa. Mtu mmoja aliyekuwa anajipitia njiani akachungulia ndani, akauliza chipsi ni bei gani.

Narendra akashuka anafuta macho. "Cyriaque, umeweka nini kwa hii gari?"

"Dizeli! Nakuapia, dizeli peke yake!"

"Hii si dizeli, bwana. Hii ni bhajia!"

Wakarudia mara tatu, na mara zote tatu mashine ikakataa. Cyriaque akamtazama rafiki yake kwa jicho la kuomba.

"Usiniangalie hivyo," Narendra akasema. "Mimi na wewe tumekunywa chai miaka kumi na nne, lakini mashine hatujawahi kuipa kikombe." Akasema injini lazima ifunguliwe, na kazi hiyo haimaliziki kabla ya Jumatatu.

Cyriaque akakaa juu ya tairi. Siku hiyo hakucheka. Akatoa simu. "Nampigia Mireille. Aende na gari ya Francine." Akaligeukia lori. "Nilitaka tu nimshushe mara moja tena. Mara moja, basi."

Ningefanya nini? Nikaangalia dari. Nikafunga vifungo vya koti, nikavifungua.

"Weka simu chini, Papa Mireille," nikasema. "Ni mimi."

Wote wawili wakanigeukia.

Nikaeleza. Alfajiri ile, Cyriaque akiwa bado anaoga, nilitoka nje na chupa ya mafuta ya upako, mafuta ya zeituni tuliyoyafungia saumu na kuyaombea siku tatu na kina mama. Nilianza vizuri tu: tone kwenye usukani, tone kwenye kila tairi, kama mtu mwenye akili zake. Halafu nikafikiri, si tatizo lenyewe ni moshi? Na moshi unatokea wapi? Kama kuna pepo, mlango wake ni pale. Nikainama nyuma ya lori, nikakemea kwa jina la Yesu, nikamimina ndani ya bomba. Nusu chupa. Kisha nikakumbuka lori lenyewe ni kuukuu sana, nikamalizia na iliyobaki.

"Chupa ndogo?" akauliza Narendra.

"Ya lita moja."

Narendra akaegemea lori, akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Mama Mireille, hata sisi gari mpya tunaiombea! Tunaivika maua, tunaweka ndimu chini ya matairi. Lakini ndimu inakaa nje, mama! Nje!"

"Ndimu zenu zinajua nini habari za moshi?" nikamfokea. Mimi nikishikwa na aibu nafoka.

Cyriaque alikuwa bado ananikodolea macho. "Wewe? Wewe uliliombea lori langu?"

"Fanyeni kazi, saa zinakwenda!"

Narendra akalifungua bomba la nyuma, akaliinamisha juu ya ndoo, mafuta ya Bwana yakatoka glo glo glo. Akalirudishia, akamtuma Cyriaque barabara kuu, aendeshe kwa gia ya chini saa nzima, mabaki yaungue. Cheti cha zamani kilikuwa bado kinafanya kazi siku hiyo. Mimi nikabaki gerejini nikinywa chai na kuomba, safari hii kwa mdomo peke yake.

Saa saba na nusu mchana lori likarudi. Kipimo kikaingia, Narendra akakanyaga mafuta, nikafumba macho. Nilipofumbua, nilimwona mume wangu waziwazi upande wa pili, anarukaruka na tumbo lake lote. Lilikuwa limepita.

Jumamosi akalifunga riboni nyeupe. Mireille akapanda, gauni likajaa mpaka dirishani. Mimi nikasimama kando na kilemba changu kipya, nikingoja Mercedes ya Francine inichukue. Mireille akakusanya gauni, akapigapiga kiti cha katikati.

"Mama, kuya," akasema. Yaani njoo, kwa Kiswahili chetu cha Kongo! Miaka yote ile, ndiyo siku aliyochagua.

Nikapanda. Ndani bado kulinuka makemba. Mimi nililia njia nzima, poda yote ikaniishia usoni.

Kanisani Mireille akashuka, akafunga mlango, akagonga mara mbili. Ko-ko. Cyriaque akainamisha kichwa juu ya usukani, akalia kwa sauti, akasahau kabisa kwamba yeye ndiye wa kumwingiza bibi harusi.

Mlangoni kina mama walikuwa wamejipanga mstari, na Francine mbele yao ameinua mkasi juu, meno yote nje. Nikashuka kutoka lile lori mbele yao wote, taratibu, nikavua kilemba.

"Nyoeni upesi," nikawaambia. "Binti yangu anaolewa."