Fungu la Lengai

Siku ya kwanza mikono minane iliinuka kanisani. Mwinjilisti Gidion alikuwa ameuliza ni nani yuko tayari kuwapelekea chakula wazee waliobaki peke yao mteremkoni, na kina mama wanane wakainua mikono kwa mbwembwe, kila mmoja akimtupia jicho jirani yake kuona kama naye kainua. Wiki ya tatu walibaki wanne. Kati ya walioacha, mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, mwingine mgongo ulimsumbua, wa tatu alidai mumewe hataki, na mume mwenyewe alikuwa msituni mwezi wa pili huo, amejificha. Mvua za vuli zilipokataa kunyesha, akabaki Soila.

Hakuwa mwema kuliko wenzake. Alikuwa mbishi tu, na ubishi wake ulikuwa na sababu ambayo hakuwahi kumsimulia mtu. Katika ile njaa kubwa ya utotoni mwake, ng'ombe walipokwisha wote kwa tauni, mama yake alishindwa kutembea. Alimwambia Soila atangulie kwa Wameru akaombe ndizi. Soila alikwenda, akapata, na kule kupata kulimchukua siku nane. Aliporudi na mkungu wake hapakuwa na wa kula. Tangu siku hiyo hakulitamka jina la mama yake, maana kwao Waarusha jina la marehemu halitamkwi. Mtu akifa, jina lake linafungwa naye.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vita ya Wazungu. Wajerumani walitaka wapagazi wa kubeba mahindi na risasi kuelekea Taveta, na askari walipanda Meru boma kwa boma wakifunga wanaume kamba kiunoni. Vijana waliowahi walikimbilia juu msituni, na wanawake wenye watoto wakawafuata. Wazee wasio na miguu walibaki wamelala kwenye ngozi zao, wakisikiliza nyumba zilivyo kimya.

Kila siku jua likipanda, Soila alipakia chungu chake ndani ya kapu, akakizungushia majani makavu ya mgomba ili kisipoe, akalitundika kapu mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso. Siku nyingine zilikuwa ndizi na maharage, siku nyingine loshoro ya mahindi na maziwa mgando, kama kulikuwa na mtu wa kutoa maziwa. Alianzia juu kwa Mama Lengai, ng'ambo ya mto Themi, kisha akashuka hadi Sokon kwa mzee Lemburis.

Lemburis hakuwa na shukrani hata ya kuazima. Zamani alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, na alikula kama mtu anayewafanyia wengine hisani.

"Hiki ndicho chakula cha kanisani?" aliuliza kila siku. "Chumvi mmempa nani?"

"Chumvi iko vitani, mzee."

"Basi na mimi nipelekwe vitani."

Alisema hivyo huku kidole chake kikizunguka ndani ya chungu, kikikomba mpaka udongo ukalia.

Mama Lengai alikuwa kinyume chake. Nyonga yake ilivunjika alipoanguka mtoni, na macho yalikuwa yameingia ukungu hata hakutofautisha mtu na mgomba. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Soila alisimama kwenye uzio wa masale akamwamkia, "Mama Lengai, takwenya!" na kutoka ndani sauti ikaitika, "Iko!" kwa nguvu usiyoweza kuamini kwamba imetoka kwenye kifua kile. Soila aliingia, akainamisha kichwa, bibi akakigusa kwa kiganja. Kisha Soila alipakua.

Hapo ndipo mchezo wao ulipoanza. Bibi aligawa chakula kwa mwiko, kwa kupapasa, nusu kwenye bakuli lake la mti na nusu kwenye kibuyu kipana chenye mfuniko wa ngozi, ambacho Lengai alikulia tangu alipoota meno. Akakiinua hicho kibuyu.

"Soila, fungu hili la nani?"

"La Lengai, mlafi yule!"

Bibi alicheka, akakifunika. Lengai alikuwa mwanawe pekee. Askari walimkamata akitoka kuchunga Kisongo, na ng'ombe wakaenda naye. Akija jioni, alisema bibi, asikute nyumba haina kitu. Asubuhi ilipofika naye hajaja, bibi alikula lile fungu mwenyewe, kwa sababu chakula hakitupwi, na Soila alikuta kibuyu kimeoshwa kikisubiri kingine. Kwa hiyo alikuwa akila mara mbili kwa siku, na mara ya pili alikula kwa ajili ya Lengai. Soila alimsihi mara kadhaa ahamie kwake, wapweke wakae pamoja. Bibi alikataa.

"Nikihama, atanitafuta wapi?"

Siku moja Soila alikuta mtu ameketi kwenye kivuko cha Themi, ameloweka mguu majini. Ilimchukua muda kumtambua kuwa ni Lesikar, aliyefungwa kamba moja na Lengai. Mguu ulikuwa umevimba na unanuka. Soila alimpa chane moja ya ndizi mbivu, naye akala na maganda.

"Mwenzako yuko wapi?" aliuliza Soila, ingawa alishaona jinsi Lesikar anavyokwepa kumtazama.

Lesikar alieleza kwa maneno machache. Lengai aliharisha damu siku nne. Ya tano alilala njiani, sanduku la risasi likiwa bado kichwani. Wakamtua sanduku, wakampa mwingine, msafara ukaendelea. Lesikar aligeuka nyuma mara moja akamwona amejikunja kando ya njia, anatetemeka juani. Katika kueleza yote hayo hakumtaja kwa jina hata mara moja.

Soila hakupanda siku hiyo kabla ya kuzunguka kwa Gidion. Alimkuta akishona kiatu.

"Usimwambie," alisema Gidion. "Anakula kwa kumsubiri. Ukimwondolea hilo unamwondolea chakula. Ngoja masika, apate nguvu."

"Na akiniuliza?"

"Sema jina lake tu kama siku zote. Sisi hatuogopi majina ya waliokufa, Soila. Mimi nayasoma madhabahuni kila Pasaka."

Soila aliitikia. Yeye pia alikuwa amebatizwa, aliimba kwa sauti ya juu kuliko wote, na mambo ya kufunga majina aliyaona ya watu wa zamani. Njiani alijaribu moyoni: Mama Lengai, Mama Lengai. Lilitoka vizuri kabisa. Akapanda akiwa na uhakika, na uhakika huo sitaki kuucheka, maana ni wangapi kati yetu wanaojua ulimi wao umefungiwa wapi?

Alisimama kwenye masale, akafungua kinywa.

"Takwenya, yeyo."

Yeyo ni mama tu, neno ambalo ungemwita mwanamke yeyote mzee njiani. Soila alisikia kosa lake likining'inia hapo uani na hakuweza kulirudisha.

"Iko," ilijibu sauti, chini sana.

Aliingia, akainamisha kichwa. Kiganja kilikaa juu yake muda mrefu kuliko kawaida. Alipakua haraka, akaongea kupita kiasi: mvua bado, Lemburis anataka kupelekwa vitani akale chumvi, ndizi za leo zimekomaa kidogo. Bibi hakucheka. Aligawa taratibu, nusu kwa nusu, mwiko ukigonga ukingo wa kibuyu. Akakiinua.

"Soila. Fungu hili la nani?"

Soila alijaribu. Naapa alijaribu. Alilikusanya lile jina nyuma ya meno, akalisukuma, na ulimi ukakataa kama ulivyokataa siku ile aliporudi na mkungu wa ndizi.

"La mwanao," alisema.

"Mwanangu hana jina?"

Nje, maji ya mfereji yalipita. Bibi alikishusha kibuyu mapajani na kukifunika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike.

"Nani amerudi?" aliuliza baadaye.

"Lesikar."

"Aliumwa sana, huyo wangu?"

"Hakuumwa siku nyingi," alisema Soila. Uongo huo ulimi uliukubali.

Bibi alitoa vipuli vya shaba masikioni, kimoja, kisha kingine, akaviweka kwenye ngozi. Akaomba anyolewe, kama mfiwa. Soila alimnyoa kwa kisu chake cha kumenyea ndizi, kwa maji ya mfereji, na nywele nyeupe zilianguka nyepesi kama si za mtu. Alilia waziwazi akimnyoa. Bibi hakulia. Ilipokwisha, alikichukua kile kibuyu na kulimimina fungu lote kwenye chungu.

"Mpelekee huyo mzee wa chumvi. Kuanzia kesho uniletee nusu."

"Yeyo, kula yote, tafadhali. Umebaki mifupa."

"Fungu langu linanitosha. Hilo jingine lilikuwa na mwenyewe." Akapapasa hadi akaupata mkono wa Soila. "Na usiniite yeyo, kama mtu anayenipita njiani. Niite Naipanoi. Ndilo nililokuwa nalo kabla yake."

Hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumwita hivyo. Soila alishuka akilirudia jina hilo, geni mdomoni, jina la msichana.

Gidion alipomuuliza jioni hiyo kama aliweza kunyamaza, Soila alisema, "Nilinyamaza. Ndivyo nilivyomwambia." Hakuyasikiliza aliyojibu.

Hakupeleka nusu. Alipeleka chungu kizima kila siku, na kila siku nusu yake ilirudi mgongoni mwake hadi kwa Lemburis, ambaye alimwambia kila mara kwamba imetoka kwa Naipanoi. Akatafuta ujanja: akaazima chungu kikubwa zaidi, ili nusu yake iwe sawa na kizima cha zamani. Naipanoi alikiinua mara moja tu, akapima uzito.

"Umekuwa mwongo, Soila," alisema, na hapo ndipo alipocheka mara ya mwisho. Akapunguza, akapunguza, mpaka fungu likawa lile lile.

Soila alikasirika. Alimkasirikia Gidion na masika yake, akawakasirikia wale wanawake saba, akaukasirikia zaidi ulimi wake mwenyewe. Alijiona amembeba bibi yule mlimani miezi yote hiyo kisha akamdondosha kwa neno moja, tena neno ambalo hakulisema. Na bibi hakugoma kula. Kama angegoma, Soila angegombana naye, na kugombana alikujua. Bibi alikula fungu lake lote, akashukuru, akaosha bakuli. Ila mtu wa umri ule hapandi kilima kirefu cha njaa kwa fungu moja. Mkono wake ulikuwa mwembamba hadi Soila akahisi damu ikipita ndani yake.

Asubuhi ya mvua ya kwanza, Soila alifika amelowa. Alisimama kwenye masale.

"Naipanoi, takwenya!"

Mvua ilipiga majani ya migomba.

"Naipanoi!"

Alitaka kuita mara ya tatu, akaacha. Aliingia. Bibi alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea mlangoni, na kibuyu kilikuwa kando yake, kimeoshwa, kimefunikwa. Soila alikaa sakafuni akaushika ule mkono hadi ukawa na ubaridi sawa na wake. Kisha alimfunika kwa ngozi, akaziba mlango kwa matawi fisi asiingie, akajitwika kapu ili ashuke akawaite watu. Njia ya kwenda kwa Gidion na watu ilipita Sokon, na Lemburis alikuwa hajala tangu jana.

"Umechelewa," alisema Lemburis alipomwona mlangoni. Alichukua chungu, akakiinua, akashangaa uzito. Kilikuwa kimejaa hadi shingoni. "Leo kwa Naipanoi hukupita?"

"Nimepita kwa bibi," alisema Soila.

Mzee aliinua kichwa. Walitazamana. Kisha alivuta bakuli la pili kutoka gizani, akalifuta kwa shuka lake, akagawa zile ndizi nusu kwa nusu. Moja akalisukuma kwa Soila.

"Kula," alisema. "Ukianguka wewe, nani ataniita jina langu?"

Soila alikaa chini akala. Ndizi hazikuwa na chumvi.