Gauni la Ndege

Wifi akija na begi dogo, mtandikie kitanda cha siku tatu. Akija na begi dogo na vitabu vitatu vya picha za ndege, keti chini kwanza, maana hujui utatandika nini.

Bi Mkasi aliketi. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa amevitandaza vile vitabu juu ya meza ya chakula kama mtu anayechagua vitambaa vya mapazia. Watu walimwita Spana. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa ndege za kunyunyizia dawa mashambani, mwanamke peke yake katika banda la wanaume. Urubani alijifunza ukubwani na akapewa leseni, ila kila ndege aliyoirusha ilikuwa ya mtu mwingine. Sasa amestaafu, na anataka yake, aijenge kwa mikono yake.

"Banda la lori la kaka lina nini siku hizi?" aliuliza.

"Lina panya. Na hao wenyewe wanalalamika upweke."

"Basi wape taarifa. Ndege zinauzwa vipande vipande ndani ya sanduku, na kitabu cha maelekezo. Unaunganisha mwenyewe nyumbani."

"Kama kabati?"

"Kama kabati. Ila kabati likikosewa mlango haufungi. Hii ikikosewa, mlango unafunguka."

Bi Mkasi alicheka bila kutaka, akavuta kitabu cha kwanza. Ndege ile ilikuwa ya bati jepesi, na kuiunganisha kulitaka riveti elfu kumi na mbili, vijipini vya kufungia bati, vyote vya kugongwa.

"Hapana. Jirani yetu ni kinyozi. Kwa kelele hizo atamkata mtu sikio."

Ya pili ilikuwa ya plastiki ngumu, inabandikwa kwa gundi kali miezi minne mfululizo.

"Tutalewa bila kunywa. Hii nyingine?"

Ya tatu ilikuwa mifupa ya mabomba membamba na mbavu za bati, na juu yake kitambaa. Spana aliitazama dari. Bi Mkasi alivaa miwani yake.

"Wifi. Hii inavishwa nguo."

"Kumbe?"

"Usijifanye hujui kusoma."

"Mimi naipendea wepesi wake tu," alisema Spana.

Bi Mkasi alikifunga kitabu. Alikuwa fundi wa nguo tangu usichana, na jina lake lilitokana na mkasi alioning'iniza shingoni kwa kamba. Mkasi ulikuwapo hata leo. Kazi ndiyo haikuwapo tena. Mwaka uliopita alimshonea binti mmoja gauni la harusi lililomkaa kama ngozi ya pili. Binti akainama kukata keki, na mgongo wa gauni ukaachia kutoka shingoni hadi kiunoni, mbele ya ukumbi mzima. Trrraa. Sauti ile Bi Mkasi aliisikia hata mtu akichana karatasi. Alirudi nyumbani, akaifunika cherehani yake, akaweka chungu cha maua juu yake, na wateja akawaambia mkono umeisha.

"Mimi sishoni," alisema.

"Nani kakuomba?" alijibu Spana, akaichagua ile ya tatu.

Sanduku lilifika baada ya miezi mitatu, refu kuliko sebule. Spana hakuhangaika, alikuwa amekwisha pima geti, banda na kona ya uchochoro kabla hajaagiza kitu. Panya walihama kwa heshima zao. Siku zikaenda, mifupa ikasimama: mwili, mkia, magurudumu matatu, mabawa mawili yaliyolazwa juu ya mbao kama wagonjwa. Bi Mkasi alisema haimhusu, lakini kila asubuhi alipeleka chai bandani, na kila asubuhi chai ilipoa huku ameshikilia bomba hili, ameinua ubavu ule.

"Kitendawili," alisema Spana, mikono imejaa grisi.

"Tega."

"Ana mbavu tele, hana kifua wala tumbo."

"Bawa. Hicho hata mtoto anayenyonya anategua. Nipe spana namba kumi."

Kisha kikaja kitambaa, robota zima, cheupe na chepesi, kigumu kuchanika. Spana alikiondoa chungu cha maua, akafunua cherehani, akaketi kushona.

Bi Mkasi alikuwa jikoni akikata kitunguu. Sikio la fundi halistaafu. Alisikia uzi umelegea juu na kukaza chini, akasikia sindano ikikimbia, ikisita, ikikimbia tena. Alivumilia nusu ya kitunguu. Alipotoka na kuutazama mshono, ulikuwa unakwenda kama mlevi anayetafuta kwake.

"Inuka."

"Ndiyo kwanza nimeanza kuzoea."

"Inuka kwenye cherehani yangu kabla sijakushtaki kwa kaka yako alikolala."

Spana akainuka. Alikuwa mwepesi kuinuka kuliko mtu aliyefukuzwa.

Walianza na usukani wa mkia, ile sehemu inayosimama wima nyuma na kuigeuza ndege kushoto na kulia, kwa kuwa ni ndogo. Nguo yake ni mfuko, unavishwa kama foronya, kingo zinagundishwa, kisha unapigwa pasi ili kitambaa kijikaze.

Spana alisoma kitabu kwa sauti. "Hapa wanasema mfuko upwaye. Ulegee kabisa."

"Aliyeandika hapo hajawahi kushona hata kitufe. Tangu lini nguo ikapwaya ikaitwa nguo?"

"Ndivyo walivyoandika, wifi."

"Wao waandike. Mimi nashona."

Akashona. Hofu aliyokuwa nayo ilimtoka vidoleni kidogo kidogo, na ulipofika wakati wa kuvisha, mfuko uliingia taratibu ukakaa sawasawa bila kunyanzi hata moja. Walisimama wakiutazama kama mama na shangazi wa bibi harusi. Hata Spana akasahau kitabu.

Pasi ilikuwa ile ya siku zote, ya umeme, namba zake zimefutika. Spana alileta kipimajoto. Bi Mkasi alilowesha kidole, akakigusisha chini ya pasi, ikasema tss.

"Tayari."

Spana akapima. Ilikuwa tayari. Alikitazama kipimajoto, akakitazama kidole, akakirudisha kipimajoto mfukoni.

Pasi ikapita mara moja, kitambaa kikakaza. Ikapita mara ya pili, kikakaza zaidi, na kwa kuwa hakikuwa na pa kupungulia, kikaanza kuvuta mabomba. Ilisikika sauti ndogo ya chuma kulalamika. Walipotoa pasi, usukani ulikuwa umepinda mgongo kama mzee anayetafuta miwani chini ya kitanda.

Bi Mkasi alichomoa waya wa pasi.

"Umeona," alisema polepole. "Hii imepindia mezani. Ingesubiri ufike juu, ingekuwaje? Mkono umeisha, wifi. Tafuta fundi mwingine."

Akaenda ndani, akafunika cherehani, akarudisha chungu cha maua.

Spana hakumfuata na pole. Alijua pole kwa mtu kama yule ni kama maji kwenye mafuta yanayowaka. Siku ya kwanza alikichana kitambaa, siku ya pili akanyoosha mabomba, siku ya tatu asubuhi akaja kusimama nje ya dirisha la jikoni, ambako Bi Mkasi alikuwa akiosha vyombo kwa hasira.

"Kitendawili."

Sahani ikagongana na sahani.

"Wifi, mtu akitega hujibiwa. Ndivyo mlivyolelewa kwenu?"

"Tega, uondoke."

"Sare ya mtoto wa darasa la kwanza inapwaya, inamngoja mtoto akue. Nguo ya ndege inapwaya. Inangoja nini?"

Bi Mkasi alitaka kusema nakupa mji, yaishe. Lakini mdomo wake haukuwahi kutoa mji kirahisi. Sare alizishona mamia kwa mamia, kila moja na pindo la vidole vitatu, mabega yakianguka, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Pale hakuona aibu ya nguo kupwaya, kwa kuwa alijua mtoto anakuja. Na huku nani anakuja? Ndege haikui. Basi kinachobadilika ni nguo yenyewe.

Alifuta mikono kwenye aproni.

"Pasi," alisema. "Inangoja pasi."

"Umepata."

Bi Mkasi aliegemea dirisha. "Yule binti aliniambia, fundi, niachie nafasi ya kupumua. Nikamwambia bibi harusi hapumui, anapendeza. Nikambana tena kidole kizima."

"Kwa hiyo haukuwa mkono."

"Haukuwa mkono. Kilikuwa kichwa."

"Basi hatuna wasiwasi," alisema Spana. "Kichwa hicho hakijazeeka. Kilikuwa hivyo hivyo siku unaolewa."

Mfuko wa pili ulipovishwa, kinyozi alichungulia kutoka ng'ambo ya ukuta, wembe mkononi.

"Bi Mkasi, huyo umemvalisha nguo za kulalia?"

"Wewe nyoa. Mteja wako anapata baridi nusu kichwa."

Pasi ikapita. Makunyanzi yakaanza kujificha, moja moja, kama watoto waliosikia mlango wa baba. Ikapita tena, kwa joto la juu kidogo. Mabomba yakabaki yamenyooka, na Bi Mkasi alipokigonga kitambaa kwa ukucha, kikalia kama ngoma.

Mabawa ndiyo yalikuwa safari. Baada ya pasi, kitambaa hushonewa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta, na sindano yake ni ndefu kama mkono wa mtoto, maana inatoboa bawa kutoka upande mmoja hadi wa pili. Walilisimamisha bawa kwa ukingo, mmoja huku, mwingine kule. Bi Mkasi anachoma, Spana anapokea na kurudisha, Bi Mkasi anafunga fundo. Walifanya hivyo wiki tatu, hawaonani, wanasikizana tu. Watu wasioonana husema mengi.

"Kaka alikuwa anasema wewe hujui kuomba radhi," ilisema sauti ya upande wa pili.

"Aliniambia wewe hujui kupika. Nani alisema uongo?"

Sindano ikaja. Sindano ikarudi.

"Wifi," alisema Bi Mkasi. "Ulichagua ya kitambaa kwa ajili yangu."

"Nilichagua kwa kuwa ni nyepesi."

Sindano ikaenda. Ilichelewa kidogo kurudi.

"Na kile chungu cha maua kilikuwa kinaniudhi."

Bi Mkasi alifunga fundo, akalikaza, akalikata kwa mkasi wa shingoni. Jioni ile alimwandikia yule binti wa gauni ujumbe mfupi, mistari miwili. Binti alijibu kwamba video ya ile siku ndiyo huwachekesha wageni wake wote, na je, fundi anaweza kumshonea nguo za uzazi? Zilizopwaya, tafadhali.

Rangi ilipokwisha kupakwa na injini kufungwa, akaja mkaguzi wa serikali, mtu mwembamba mwenye tochi na kioo kidogo cha mkono. Alichungulia kila tundu. Alihesabu mafundo ya ubavu mmoja, akapima nafasi kati yake, akahesabu ya ubavu wa pili, kisha akaacha kuhesabu.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Umeshona ndege ngapi, mama?"

"Hii ya kwanza. Lakini nimeshonea watu miaka arobaini, mwanangu, na hao hawatulii wakipimwa."

Mkaguzi alitia sahihi. Bi Mkasi hakuiamini sahihi. Sahihi haipandi angani.

Waliivuta hadi kwenye uwanja mdogo wa nyasi, mabawa yamekunjwa nyuma kama ya panzi, wakayakunjua na kuyafunga pini. Asubuhi ilikuwa tulivu. Spana alivaa kofia yake ngumu, lakini hakupanda. Aliegemea mlango.

"Nasubiri."

"Unasubiri nini? Karatasi si unayo?"

"Karatasi ya mkaguzi ninayo. Fundi wangu hajasema. Ukisema mshono haufai, naivuta nyumbani, hatuulizani."

Bi Mkasi aliuzunguka ule mwili mweupe. Alipitisha kiganja juu ya bawa la kushoto, ubavu kwa ubavu, kama anayemnyoosha mteja mgongo. Akaenda la kulia. Akafika kwenye usukani wa mkia, akaugonga kwa ukucha, akatega sikio. Akilini ilipita ile trrraa, ikatafuta pa kuingilia, ikakosa.

"Panda," alisema. "Nguo imekaa."

Ndege ikakimbia juu ya nyasi, ikaruka kidogo kama inayojaribu, kisha ikaiacha ardhi. Bi Mkasi alisimama ameushika mkasi wake, anasikiliza. Alisikia injini. Alisikia upepo. Hakusikia kingine, na ilipotua na kuja kusimama karibu naye, alikuwa wa kwanza kuifikia, si kumkumbatia wifi, bali kukagua mishono. Yote ilikuwapo. Ndipo akakumbatia.

Sheria ilitaka Spana airushe peke yake saa nyingi kabla ya kubeba mtu. Zilipotimia, Bi Mkasi alifika uwanjani na mto wa kiti cha pili. Alikuwa ameushona kwa kile kitambaa kilichokuwa kikifunika cherehani, kwa kuwa cherehani yenyewe sasa haikai siku bila kazi, na kifuniko kimekosa shughuli.

Aliketi. Spana aliinama, akamfunga mkanda, akauvuta.

"Legeza kidogo," alisema Bi Mkasi. "Wewe si ndiye uliyenifundisha kuacha nafasi?"

"Nguo ipwaye, wifi," alisema Spana, akauvuta tena. "Mkanda ubane."